Marufuku ya Mayai Kimbiji

Kimbiji, Jumamosi, 13 Aprili 2024

Ade wangu,

Barua hii anakuletea Tabu, yule mama wa nazi anayeshusha mzigo Kiwalani kila Jumanne na Jumamosi. Usishangae kupata karatasi zama hizi. Hapa kwa mama yako mtandao unapatikana sehemu moja tu, kule juu kwenye ukuta wa shule, na mie nimekatazwa kutembea zaidi ya choo na baraza. Kwa hiyo simu yangu inapandishwa huko na mama, jioni, inarudi na taarifa: "Adelard anakusalimu, anasema ule vizuri." Sasa nitakuambia nini cha mke na mume ambacho kwanza kipite kwa mama mkwe?

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumatano nimeipita ile wiki. Wiki ya ishirini na tatu, ambayo mwaka jana hatukuivuka. Nilikaa barazani asubuhi nzima nimeshika tumbo kwa mikono miwili, mtoto anacheza, na hapakuwa na mtu wa kumwambia "shika hapa uone." Mama alikuwa bandani kwa kuku. Mbele yangu ni tenki jeusi la maji na ukuta usiopigwa lipu. Nililia kidogo, kisha nikajifuta, maana hata kulia kunachosha ukiwa peke yako.

Miezi miwili sasa tangu uniache hapa na mabegi. Ulisema ungekuja kila baada ya wiki mbili. Umekuja mara ngapi? Sifuri, bwana mpishi.

Na nina hamu. Usicheke. Sina hamu ya udongo wala maembe mabichi kama wenzangu. Nina hamu ya ile sosi yako ya njano, holandezi, ya Jumapili. Nakuona umechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, bakuli juu ya sufuria ya maji, unakoroga viini vya mayai huku ukinifokea nimimine siagi tone kwa tone, "taratibu Lusu, taratibu, itakatika!" Kisha limao, kisha tunaimwaga juu ya ndizi za kuchemsha, wewe ukisema ndizi za Bukoba ndizo zenyewe na mie nikitetea za Tukuyu. Wazungu wako wa hotelini wanaila na mkate, maskini, hawajui wanachokosa. Hujaipika tangu mwaka jana. Nilidhani ni huzuni, sikuuliza.

Utakuja lini? Nijibu hilo tu.

Mkeo,
Lusungu


Kiwalani, Jumatano, 17 Aprili 2024

Mpenzi Lusu,

Nimefurahi sana kupata barua yako. Tabu kaniletea mpaka mlangoni na nazi mbili juu, anasema ni zawadi kwa ajili ya tumbo lako, nami nimezila bila aibu.

Hongera kwa ile wiki. Nimeisoma hiyo sehemu nikaweka karatasi chini kwanza. Mungu ni mwema.

Huku mvua inatutesa. Uwani kwetu maji yalifika kwenye ngazi ya pili, jirani amehamishia kuku wake chumbani, na ndege zinapita juu ya bati kama kawaida. Kazini tuko wawili tu kwenye zamu ya kifungua kinywa, mwenzangu Brightson ameugua mgongo. Saa kumi na moja alfajiri nishakoroga lita tatu za hiyo holandezi ya wageni. Mie mwenyewe nakunywa chai na mkate nimesimama.

Kuja nitakuja. Ngoja barabara zikauke. Wewe pumzika, presha ishuke kama daktari alivyosema, na msikilize mama kwa kila anachokuambia.

Wako,
Adelard


Kimbiji, Jumamosi, 4 Mei 2024

Adelard,

Barabara haijakauka, lakini Tabu anapita na gunia la nazi mia mbili. Labda wewe ni mzito kuliko nazi.

Sasa sikiliza haya ya mama yako. Ana kuku kumi na tano. Kumi na tano! Kutwa nasikia wanavyotetea wakitaga, nje ya dirisha langu, na mayai yanakusanywa kwenye ndoo yanauzwa kwa majirani. Juzi nikasema, "Mama, nichemshie moja." Akageuka, akakohoa, akaniambia eti kwenu mwanamke mwenye mimba hali yai, mtoto atazaliwa kipara. Nikadhani utani. Nikamwuliza, "Na kuku je?" Akafikiri kidogo, akasema kuku naruhusiwa. Mila gani hiyo inayofikiriwa papo hapo?

Mwalimu mstaafu, mwenye kabati zima la vitabu, anaogopa kipara! Baba yako mwenyewe kwenye ile picha ya harusi hana unywele hata mmoja, sijui nani alikula yai. Nesi wa kliniki ameniambia nile yai kila siku, mradi limeiva. Nimemwambia mama, akasema manesi wa siku hizi ni watoto. Aliposema hivyo hakuniangalia.

Mie si mtu wa kugombana na mkwe. Nakula dagaa, nakula maharage, nanyamaza. Ila nataka umwandikie wewe. Mwambie mwanawe mwenyewe ndiye amesema nile.

La pili, na hili limenikaa kooni wiki tatu. Kuna mtu huko? Niambie tu. Mwanamume anayemhamisha mkewe ng'ambo ya maji akiwa na mimba, hapigi simu ya maana, haji, na barua yake inaeleza mvua tu, watu wanasema nini juu yake? Niliacha kazi yangu ya ukarani nikidhani naenda kupumzishwa. Naona nimewekwa stoo.

Nijibu yote mawili.

Lusungu


Kiwalani, Alhamisi, 9 Mei 2024

Lusungu,

Hakuna mtu. Naapa kwa kaburi la baba. Nalala upande wangu wa kitanda, upande wako nimeweka nguo za kufuliwa.

Kuhusu mayai, fanya mama anavyosema. Usile. Si la kuchemsha, si la kukaanga, si la namna yoyote. Nesi ana wagonjwa mia, mama ana wewe mmoja. Tafadhali usinibishie kwenye hili. Nakuomba kama mumeo.

Nimekutumia maziwa ya kopo na zabibu kwa Tabu.

Adelard


Kimbiji, Jumanne, 14 Mei 2024

Kwa mwanangu Adelard,

Salaam. Mimi ni mzima, magoti tu.

Nakuandikia kwa sababu nimechoka kuonekana mjinga nyumbani kwangu. Nimefundisha Sayansi Kimu miaka thelathini na mmoja. Nimesimama mbele ya ubao nikawaambia wasichana wa watu, vizazi na vizazi, kwamba mjamzito ale yai lililoiva kila siku, na kwamba habari ya kipara ni upuuzi. Leo nasimama jikoni kwangu, kwa kukuridhisha wewe, namwambia mkeo upuuzi ule ule. Ananitazama kama mtu anayesoma gazeti la zamani. Ana haki.

Uliponijia Februari ukanieleza kilichokusibu, ulilia kama mtoto, nikakubali bila kufikiri. Ulisema mara tatu, "Mama, mzuie mayai, usimwambie sababu." Nilidhani ungemwambia mwenyewe ndani ya wiki mbili. Ni mwezi wa tatu sasa. Yeye hajui kwa nini huji. Anadhani una mwanamke. Anakaa barazani anautazama mlango wa geti, na kila pikipiki ikipita anakaa sawa.

Kuna mengine nayaona katika nyumba hii ambayo si yangu kuyasema. Kila mmoja wenu amenipa mzigo wake nimshikie, na mimi mikono ni miwili tu.

Mwandikie. Mpaka mwanzo wa mwezi wa sita. Ukishindwa, nitampikia yai mbele ya macho yake na nitamweleza nani aliyenikataza.

Mama yako,
Yustina


Kiwalani, Jumamosi, 1 Juni 2024

Lusu,

Mama hana mila yoyote ya mayai. Ni mimi niliyemwambia akukataze. Usimchukie, mchukie aliyemtuma.

Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaitupa.

Ile Jumapili ya mwaka jana, mwezi wa sita, unaikumbuka. Ulikuwa umeamka unacheka, ukasema mtoto anataka sosi. Mayai nilikuwa nimeyanunua Vingunguti, trei ya yale yaliyopasuka maganda wanayouza rahisi. Niliyanusa, nikaona poa. Mkaa ukaanza kufa katikati. Unajua inavyotakiwa, maji ya chini yafuke, viini vipate moto mpaka vizito. Yale maji yalikuwa vuguvugu, unaweza kuoshea mtoto. Sosi ikashikana kwa siagi tu. Nilijua haijaiva. Nilijua, Lusu. Ila ulikuwa umeshashika sahani, unapiga kijiko mezani kama mtoto, nikasema moyoni mara moja haina shida. Ukala ndizi nne. Ukalamba bakuli.

Jikoni kwetu hotelini kuna bango ukutani, nimelipita kila asubuhi kwa miaka tisa: mjamzito asipewe yai bichi wala bichi bichi. Mhudumu akija kuniambia meza ya sita ana mimba, namkaangia lake mpaka liwe gumu, sosi simpi, hata akilalamika. Mgeni nisiyemjua jina namlinda. Wewe nikakupa.

Alhamisi ukaanza kutoka damu. Pale hospitali nesi akaniuliza umekula nini wiki hiyo. Nikajibu ugali na maharage.

Tangu siku ile nikikuona unakula chochote nilichopika, natoka nje. Ulipopata mimba hii nilishindwa kuwa na wewe chumba kimoja na jiko. Ndiyo maana nikakupeleka kwa mama. Nikaona ukiwa mbali na mimi, mtoto ataishi. Sina mwanamke. Nina hili.

Kila asubuhi natengeneza lita tatu za ile sosi kwa ajili ya watu wengine, sijaionja tangu siku ile.

Adelard


Kimbiji, Alhamisi, 6 Juni 2024

Ade,

Nimeisoma Jumanne. Nilishinda na karatasi mkononi, mama yako akajua. Jana asubuhi akaingia chumbani na mayai matatu kwenye kanga, akavua miwani, akakaa kitandani kwangu. Akasema, "Mwanangu, nilikudanganya. Nisamehe." Mtu mzima ananiomba msamaha ameshika mayai! Nikacheka, kisha nikalia, naye akalia, yai moja likavunjika.

Basi tukaenda jikoni. Nilikaa kwenye kiti, mie mwelekezaji, yeye fundi. Ya kwanza ikaharibika, ikawa mayai ya kuvuruga yenye limao, tukampa paka. Nikamwambia, "Mama, Ade anasema taratibu." Akanijibu kwamba Ade alifundishwa kushika mwiko na yeye. Ya pili akaweka maji kidogo na limao kwenye viini kwanza, akakoroga juu ya mvuke bila kuacha, ana kipimajoto chake cha shule tangu enzi hizo, akakitumbukiza akasema hatutoi mpaka ifike nyuzi sabini na tano, hata mkono ukatike. Ilikuwa nzito kuliko yako. Ilikaa kwenye kijiko haitaki kushuka. Ndizi zilikuwa zake za shambani. Tulikula, Ade, wanawake wawili, tukapanguza sahani kwa vidole. Siagi, ule uchachu unaokuja nyuma, chumvi. Miezi minne sijala kitu nikafumba macho. Nilifumba. Nilipofumbua kiti cha tatu kilikuwa kitupu, na ile raha ikaishia hapo.

Sasa ngoja nikuambie na mie nilichonacho.

Sosi yako haikumuua mtu.

Daktari aliniambia siku ile ile, wewe ukiwa umetoka kununua maji. Mlango wangu wa kizazi ni dhaifu. Mimba ikiwa nzito unafunguka wenyewe kabla ya wakati. Si nilichokula, si nilichobeba. Aliangalia vipimo, hakukuta ugonjwa wowote. Ulivyorudi na chupa ukaniuliza amesemaje, nikakuambia amesema hajui.

Nilikudanganya kwa sababu ya shangazi yangu wa Tukuyu. Mimba zake zilitoka tatu, ikajulikana ni mwili wake, na mume akaoa mwingine ndani ya nyumba ile ile. Shangazi akawa anamwogeshea mwenzie watoto. Nilikuona umekaa na ile chupa ya maji, nikasema moyoni, huyu asijue.

Ule msiba wa Temeke niliokuaga naenda mwezi wa pili haukuwepo. Siku zile mbili nilikuwa hospitali nashonwa mlango wa kizazi. Nilisaini mwenyewe, nikarudi na bodaboda taratibu, nikakupikia chakula cha jioni. Presha yangu ni nzuri kuliko yako. Nimelazwa hapa kwa ajili ya ule uzi.

Kwa hiyo mwaka mzima wewe unajilaumu kwa kosa lisilokuwepo, na mie nina dawa yako mfukoni sikupi, maana dawa yenyewe ni aibu yangu. Nisamehe. Nilitaka nikuambie usoni, kila pikipiki nikisema ni wewe.

Njoo.

Lusungu


Kiwalani, Jumatano, 12 Juni 2024

Lusu! Lusu wangu!

Nimeisoma mara nne nimesimama stoo ya vitunguu, Brightson akadhani nimefiwa. Sikuwa mimi! Mwaka mzima! Unajua nimebeba nini? Nilikuwa nikimwona mtoto barabarani navuka upande wa pili. Kumbe ni mwili tu. Kumbe ni mlango wa kizazi, haihusiani na mimi hata kidogo!

Leo nimeonja sosi. Nimechota kijiko kizima, nikaila mbele ya jiko, chozi limenitoka, wenzangu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Jioni nimenunua chipsi kuku nikala nimekaa. Nimekaa, Lusu! Usiku huu nitalala kama gogo.

Wala usijali kuhusu kunificha, nimekusamehe kabisa, mie si mtu wa hivyo. Mwili ni mwili, mtu hajiumbi. Cha msingi ni kwamba sasa kila kitu kiko wazi na wote tuna amani.

Nitakuja baada ya Sabasaba, wageni wakipungua. Kula mayai unavyotaka!

Wako mwenye furaha,
Ade


Kimbiji, Jumanne, 25 Juni 2024

Adelard,

Salaam si ndefu leo.

Mkeo hakunionyesha barua yako. Aliiacha kitandani alipokwenda kuoga, nami nikaisoma, na nikikosea kwa hilo basi nimekosea. Ni wiki ya pili hazungumzi. Anajibu "ndiyo mama," "hapana mama." Nikimpikia yai analila lote, kama mtu anayemeza dawa. Barazani haendi tena. Pikipiki zikipita hageuki.

Nimejiuliza nimlee vipi mtoto wangu hata akaandika vile. Umeandika kama mtu aliyeachiwa huru mahakamani. Umetoka nje unaruka, hukugeuka kuangalia nani kabaki kizimbani. "Haihusiani na mimi hata kidogo." Ni maneno yako, nimeyasoma mara mbili na miwani. Ulipodhani ni kosa lako, ulibeba peke yako. Sasa mmejua ni ugonjwa wake, abebe peke yake. Basi mmeoana kwa ajili ya nini?

Na kwamba umemsamehe! Umemsamehe nini? Mwanamke amekwenda kushonwa mwili wake akiwa mwenyewe, bila mkono wa kushika, akarudi akakupikia. Mimi nilijua. Kadi ya kliniki mimi ndiye ninayeipeleka, nasoma kila kilichoandikwa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasubiri mmoja wenu akue.

Tarehe kumi na tano mwezi wa saba, Jumatatu, wanaufungua ule uzi. Baada ya hapo mtoto anaweza kuja siku hiyo hiyo au wiki mbili mbele. Anaogopa. Hajaniambia, lakini amepanga nguo za mtoto kwenye mfuko, akazitoa, akazipanga upya, siku tatu mfululizo.

Sikuambii uje. Ukija kwa kuambiwa na mama yako, bora ubaki na wageni wako.

Yustina


Kimbiji, Jumatano, 3 Julai 2024

Adelard,

Nimepata barua yako ya juzi, ile ya mistari mitatu. Imefutwa futwa mpaka karatasi imetoboka. Nimesoma "sikuelewa" na "nilikuwa mjinga," mengine wino umekula. Hiyo ni bora kuliko ile ndefu.

Nitakuambia ilivyokuwa, kisha sitarudia. Niliposoma kwamba ulichota sosi ukala kwa raha, nilifurahi. Kweli kabisa. Nilicheka hapa peke yangu. Nikaendelea kusoma nikitafuta sehemu yangu, nikafika kwenye jina lako chini, nikageuza karatasi nyuma. Hapakuwa na kitu. Nilielewa wakati ule kwamba nilikuwa na mwenzangu kwenye huzuni mwaka mzima bila kujua, na siku niliyomjua ndiyo siku aliyoondoka.

Sikuandikii ili ujisikie vibaya. Umeshajisikia vibaya vya kutosha kwa maisha yote, na bure.

Jumatatu ya tarehe kumi na tano natakiwa hospitali saa mbili asubuhi. Mama atanipeleka, lakini magoti yake hayawezi lile benchi. Sitaki unieleze sababu ya chochote. Sitaki unisamehe. Nataka mtu wa kushika mfuko wangu, akae pale benchi la wanawake mpaka niitwe, na nikitoka awe bado yupo. Ni kazi ndogo. Wanaume wengi hawaiwezi kwa sababu wanaona aibu.

Kama una wageni, usijibu. Nitaelewa.

Lusungu


Benchi la nje ya wodi, Jumatatu, 15 Julai 2024, saa tatu na robo asubuhi

Lusu,

Nesi Avelina amekubali kukupa hiki kikaratasi, nimekiandika nyuma ya bahasha ya kipimo. Najua ulitazama korido kabla hawajafunga mlango. Nilikuwa sijafika. Pantoni ilichelewa, nimetoka pale nakimbia kwa miguu na sare ya kazi, mama akanipa mfuko, nikamwitia bajaji arudi nyumbani akapumzike.

Kazini sikuomba ruhusa, niliaga tu.

Niko mwanaume peke yangu hapa. Nilipokaa walisogea, baadaye wakaanza kunichunguza. Mfuko wako niko nao mapajani. Nimeufungua, nimeona zile soksi, nimeufunga. Naogopa, Lusu. Nilidhani nikijua sosi haina kosa hofu itaisha, kumbe ilikuwa ya kwangu tu ndiyo iliyoisha, ya kwako sikuwa hata nimeigusa. Ninayo sasa. Imeonekana usoni, mama mmoja ameniletea maji.

Avelina anasema wewe ni wa tatu, na kwamba labda hutarudi nyumbani leo. Sawa. Nitakaa. Kesho nitakuwa hapa, na keshokutwa.

Huyo mama wa maji ameniuliza nimekuja kufanya nini sehemu hii. Nimemwambia tumekuja kufunguliwa uzi. Akashangaa, akaniuliza, "Kwani mwenye tatizo nani, wewe au mkeo?"

Nimemwambia ni letu.

Ade